Vigumba Nilivyomfungia Mzungu

Watu wakiniuliza London nilikuwa nafanya kazi gani, nawajibu nilikuwa stoo, Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Wanadhani mizigo ya ndege, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukimwambia Mtanzania mwenzako kwamba ulipanda ndege ukaenda Ulaya kuuza pinde na mishale, atacheka mpaka akae chini, kisha atawahadithia wengine. Mimi katika habari hiyo sina kicheko hata kidogo.

Duka lilikuwa gereji ya zamani. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzaliwa wa Moshi, aliyehamia Uingereza akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kutuma watu: lete, peleka, funga vizuri. Mbele kulikuwa na kaunta, katikati rafu za katoni, na nyuma uchochoro mrefu wa kujaribia pinde, wenye shabaha ya sponji ukutani. Waingereza wenyewe wamepiga marufuku kuwinda kwa upinde nchini mwao, ati mnyama asiteseke. Kwa hiyo wateja wetu walikuwa wa namna mbili: wa klabu, wanaolenga shabaha za karatasi kila Jumapili, na wale waliokuwa wakisafiri kwenda kutesa wanyama wa watu wengine. Hao wa pili ndio walionunua vigumba.

Kigumba ni kile kichwa cha chuma mbele ya mshale. Mimi nilikijua kabla sijajua kusoma. Baba yetu, kule Singida, alivifua mwenyewe kwa misumari ya inchi sita na vipande vya springi za gari, akavipiga bapa, akavinoa kwa tupa mpaka vinyoe malaika ya mkono. Alituketisha mimi na mdogo wangu karibu na moto wake na kutufundisha. Alikuwa akisema kigumba kikitoka kwenye fuawe kiwe kimekwisha kuamua, kisiende kuamulia ndani ya mnyama. Bwana nyama, askari wa wanyamapori, alimkamata na digidigi mmoja. Upinde ulichomwa mbele ya ofisi, mzee akafungwa miezi minane, akatoka na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka tulipomzika. Halafu mimi mwanawe nakuja kukaa Hayes, nafungua katoni, nakuta vigumba vimelazwa kwenye sponji kama heleni za bibi harusi, vya kwenda kumwulia mtu tajiri mnyama wa kwetu kwa kibali. Siku nyingine nilikuwa nafunga vifurushi hivyo huku natukana kwa Kinyaturu. Bosi alidhani naimba.

Vigumba vyenyewe vilikuwa vya aina mbili, na wateja walibishana juu yake kama washabiki wa mpira. Vya kukaza vilikuwa na nyembe zilizosimama wazi muda wote, hazina bawaba wala kitu cha kuchezacheza. Ni ndugu wa vile vya baba, ila vimepigwa rangi. Vya kukunja vilikuwa vipya wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyembe zake zinalala ubavuni zimebanwa na kipira chembamba, mshale unaruka laini kabisa, ukigusa mwili kipira kinakatika na nyembe zinafunuka. Katalogi ilivisifia kurasa tatu nzima. Na siwezi kusema uongo, ukimpiga mnyama wa ngozi nyepesi, wa ubavu, amesimama vizuri, kidonda chake ni kikubwa na haendi mbali.

Lakini mimi sikuridhika na katalogi. Wembley nilikokuwa naishi, mtu alitupa sofa la ngozi kando ya barabara. Nikalichuna lile sofa mchana kweupe, watu wanapita wananitazama, nikaikunja ile ngozi nikapanda nayo basi mpaka kazini. Nikaifunga juu ya vitabu vinene vya namba za simu, nikavuta upinde. Kwa kupiga mbele moja kwa moja, kigumba cha kukunja kilifanya kazi yake. Nilipopiga kwa mshazari, kama mnyama aliyekugeuzia bega, wembe mmoja ulifunuka kabla ya mwingine, ukauvuta mshale pembeni, ukaingia upana wa kiganja tu. Nikarudia mara sita, na mara nne ikawa hivyo hivyo. Cha kukaza kilipita ngozi na vitabu mpaka manyoya ya mshale yakagusa.

Nikamwonyesha bosi. Akatazama vile vitabu, akatazama katoni arobaini za vigumba vya kukunja alizokuwa ameagiza, akasema, “Bwana wewe, mteja anajua anachotaka. Wewe funga tu.”

Sasa huyo mteja. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mwenye kampuni ya madirisha, mtu mpole, na hilo ndilo linaloniuma, maana angekuwa mshenzi ningepata pa kutupia lawama. Kila akija alileta biskuti za wafanyakazi, na alikuwa akinisalimia mimi kabla ya bosi. Aliposikia natoka Tanzania akachangamka: alikuwa ameomba kibali maalumu cha kuwinda kwa upinde huko huko, mwaka unaofuata. Alitaka palahala, yule mnyama mweusi mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma.

Mimi nikaona mlango. Mdogo wangu alikuwa nyumbani hana kazi, na kwa kufuata nyayo hakuna aliyemshinda wilaya nzima. Alikuwa anaweza kukuambia swala huyu kapita alfajiri na anachechemea mguu wa nyuma. Alikuwa anategemea miguu yake na macho yake, hana kingine. Nikamwomba yule bwana. Sikumwomba mara moja. Kwetu jambo kama hilo hulitupi mezani kama kete. Wiki ya kwanza nilimhadithia habari za baba, wiki ya pili za mdogo wangu, wiki ya tatu nikasema angekuwepo mtu wa kumshika mkono kwenye kampuni za uwindaji, familia nzima ingemwombea dua. Akaelewa. Akaniandikia barua mbele yangu, akapiga na simu. Mwezi haukwisha, mdogo wangu akaajiriwa kuwa mfuata nyayo kwenye kambi ile ile ambayo bwana huyu angefikia.

Furaha ya siku ile siwezi kuieleza. Mdogo wangu alinipigia kutoka posta, anapiga kelele mpaka nikaitenga simu na sikio. “Kaka, wamenipa buti! Kaka, buti mpya!” Mama akachukua simu akanibariki, akambariki na Mzungu ambaye hajapata kumwona. Mwomba chumvi huombea chunguni mwake, na mimi nilikuwa nimeiomba, nimeipata.

Wiki mbili kabla ya safari, bwana alikuja kuchagua vigumba. Ilikuwa adhuhuri, duka halina watu, bosi amesimama kaunta. Bwana akachukua upinde wake, tukaenda uchochoroni. Vya kukunja vilikwenda katikati ya shabaha, kimoja baada ya kingine, raha tupu. Vya kukaza vikaangukia kushoto, karibu upana wa kiganja. Nilijua sababu. Halikuwa kosa la kigumba. Upinde ulikuwa haujalinganishwa, na nyembe zilizo wazi hushika upepo zikayaanika makosa yote ya upinde. Nusu saa ya kazi yangu, bisibisi moja, ningesogeza pa kulazia mshale, na vingekwenda mahali pamoja. Kazi hiyo nilikuwa nawafanyia watu kila siku.

Yeye akashika aina moja mkono huu, nyingine mkono huu, akanigeukia. Akaniuliza kwa adabu kabisa: “Wewe umetoka kule, na baba yako alikuwa mtu wa kazi hii. Ungekuwa wewe, ungechukua aina ipi?”

Bwana wee, ningefungua mdomo. Lakini mtu aliyekula malezi yetu atanielewa. Huyu alikuwa ametubeba. Mama yangu alikuwa anamtaja kwenye sala. Mtu aliyekushika mkono jana, leo humwambii macho kwa macho kwamba alichokipenda hakifai, tena mbele ya bosi mwenye katoni arobaini. Kwetu huko ni kumvunjia heshima, ni fadhila ya punda. Kwetu mtu wa namna hiyo unamwambia yale anayotaka kuyasikia, halafu unatafuta siku nyingine, mtu mwingine, njia ya kuzunguka. Nilidhani ningeipata hiyo siku nyingine. Na tayari nilikuwa nimeona macho yake yanarudi kwenye vile vya kukunja.

“Zote nzuri, sir,” nikasema. “Hiyo uliyoipenda ni nzuri sana.”

Akafurahi. Nikamfungia pakiti nne kwa mikono yangu hii, nikamwekea na vipira vya akiba. Siku nyingine haikuja. Nilitaka kumpigia simu nyumbani kwake, nikaona aibu. Nilitaka kumwambia mdogo wangu amwonye, nikasema aah, mfuata nyayo mgeni kazini amfundishe tajiri? Watamfukuza. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, kila siku na sababu yake, mpaka ndege ikaondoka.

Habari ilinifikia kwa mke wa mdogo wangu. Palahala alipigwa begani, kwa mshazari. Mshale uliingia kidogo ukaning'inia. Mnyama akakimbia, na ilipokuwa saa kumi jioni mdogo wangu akawekwa mbele kufuata damu, maana ndiyo kazi yake. Damu ilikuwa kidogo, tone hapa, tone kule baada ya hatua mia. Walipofika kwenye kichaka, yule mnyama alikuwa amelala, bado ana nguvu zake zote. Aliinuka akainamisha kichwa mara moja tu. Pembe iliingia nyuma ya goti ikatokea mbele. Mwindaji wa kampuni, aliyekuwa na bunduki, akammaliza mnyama pale pale juu ya mdogo wangu.

Mguu haukukatwa, lakini haukukunjika tena. Buti moja ikawa haina kazi.

Baada ya miezi mitatu bwana alikuja dukani, amekonda. Hospitali alikuwa amegharamia yeye, na simdai kwa hilo. Akanitolea picha, mnyama ametundikwa kichwa ukutani sebuleni kwake, sijui alidhani nitaitazama kwa jicho gani. Ndipo nikashindwa. Nilimwambia yote, ngozi ya sofa, vitabu, mshazari, upinde ambao haukulinganishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atafoka, na kwa kweli ningependa afoke.

“Lakini nilikuuliza,” akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehama. “Ungeniambia chukua vile vya kukaza, ningechukua hivyo. Ndiyo maana nilikuuliza wewe.”

Nikamjibu ndiyo, sir. Ningemweleza nini, kwamba nilimnyamazia kwa heshima? Neno hilo kwa Kiingereza halisimami, na siku ile hata kwa Kiswahili lilikuwa linaniponyoka. Alinunua kitu kidogo, gundi nadhani, akaenda, hakurudi tena. Kabla hajatoka alisema kwamba mdogo wangu naye alikuwa amemwuliza, kule hospitali, ni nani aliyemshauri vigumba vile, na yeye akamwambia ukweli.

Siku hiyo niliacha chakula. Nikakaa siku nne nikizunguka simu. Jumamosi nikaenda Wembley dukani, nikanunua kadi ya simu, nikasimama kwenye kibanda, watu wanapita na mifuko yao ya mboga. Nilikuwa nimekata shauri. Nilisema nitamwambia: ndiyo, nilijua, niliulizwa, nikanyamaza, nisamehe. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa mpangilio huo huo.

Akapokea mwenyewe. “Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Mguu?”

“Upo upo tu. Nimepata fimbo nzuri. Kaka, nilitaka kukuambia, usije ukasikia kwa watu ukaumia. Yule Mzungu wako alikuja hospitali akaniambia ati alikuuliza wewe kuhusu vile vigumba, ati wewe ukamwambia ni vizuri.” Akacheka kidogo, kicheko cha dharau. “Nikamjibu pale pale mbele ya daktari, wewe mzee mwongo. Mimi na kaka yangu tumefundishwa na baba mmoja, moto mmoja. Angeulizwa, angesema. Nikamwambia asinitembelee tena, na asiniletee matunda yake. Mama naye ameacha kumwombea.”

Sauti ya mwanamke, ile iliyorekodiwa ya kadi, ikaingia kati, ikaniambia zimebaki dakika kumi na moja.

“Kaka, unanisikia?”

“Nakusikia,” nikasema. Nikamwuliza kama mvua zimeanza huko. Akasema zimeanza, lakini mwaka huu atalimiwa shamba na watu, na akanieleza ni akina nani, mmoja mmoja, mpaka kadi ikaisha.