Mablanketi Aliyonipa Mdogo Wangu

Mimi niliishia darasa la saba, lakini tangu nilipotoka shule naandika kila siku kwenye daftari. Si mambo makubwa. Mvua imenyesha, nimekula nini, nani kanikasirisha. Na nina sheria yangu moja: nikiandika baya la mtu, kabla sijafunga daftari lazima niandike na zuri lake, hata kama nitalitafuta kwa tochi. Sijui kama sheria hii inanifanya mtu wa haki, au inanipa tu ruhusa ya kuandika mabaya mengi zaidi.

Aliyenimalizia kurasa kuliko watu wote ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili kwa mama yetu. Yeye alisoma mpaka chuo, anafanya kazi ofisini Mbeya, ana kadi ya bima. Mimi niko Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao, napanga mbao mbichi uwanjani zikauke: safu ya mbao, vijiti, safu ya mbao, vijiti. Yeye hakunikosea kitu chochote. Hilo ndilo linalonisumbua kila nikishika kalamu.

Mambo yenyewe yalianza Krismasi, kwa mama kijijini. Mdogo wangu alikuja na karatasi ya daktari, imeandikwa Kiingereza kitupu. Mama hajui hata herufi moja ya Kiingereza, lakini aliishika ile karatasi kwa mikono miwili na kila jirani aliyeingia kusalimia, kabla "kamwene" haijaitikiwa vizuri, alishaambiwa, "Mwanangu ana aleji. Imepimwa Mbeya."

Alivyolisema, ungedhani kapata shahada nyingine.

Paka wa mama, aliyelala miguuni pake miaka mingapi sijui, akafukuzwa jikoni akalale na kuni. Godoro likafunikwa nailoni. Mimi nikapewa ufagio, nifagie chumba atakacholala mgonjwa. Nikaanza kufagia, nikapiga chafya. Ya pili, ya tatu. Nilifika ya tisa machozi yakinitoka.

"Ziba mdomo!" mama akapaza sauti kutoka sebuleni. "Unamrushia mwenzio vumbi, na unajua ana aleji!"

Mimi nimepiga chafya tangu msichana. Pua inaniwasha, macho yanakuwa mekundu, usiku kifua kinalia kama paka mdogo. Miaka yote mama anasema ni baridi, vaa sweta. Siku ile nilisimama na ufagio wangu nikawa nauliza moyoni, hivi chafya nayo inataka mtu awe amesoma?

Niseme na upande wa pili. Mdogo wangu aliinuka akaja kunipokonya ufagio. "Dada, mbona unapiga chafya hivyo? Na wewe nenda kapime. Huwa wanakudondoshea matone mkononi, wanachoma kidogo, wanaangalia panapovimba. Hata haiumi."

"Mimi sina nafasi ya magonjwa ya ofisini," nikamjibu.

Usiku niliandika: *Leo amenitia uchungu bila kufanya kitu. Zuri lake: alimalizia kufagia yeye, na yeye ndiye aliyekatazwa vumbi.*

Miezi ikapita. Kabla baridi haijaanza, akanipigia simu kwamba daktari wake amemwambia aondoe ndani vitu vizito vya manyoya, kwa hiyo ananunua vingine vyepesi, je, ningependa yale mablanketi yake mawili? Mafinga mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka ndani ya sufuria. Blanketi zito kwetu huulizwi mara mbili. Nikasema lete. Yakaja kwa basi, yamefuliwa, yamekunjwa, yananukia sabuni ya maua. Makubwa, mazito kama kondoo. Nilijifunika yote mawili usiku huohuo, nikapata joto ambalo sijapata maisha yangu, na nikalala nimekasirika.

Baridi ikaingia, na kifua changu kikaharibika. Asubuhi ilikuwa chafya hadi mbavu zinauma. Wenzangu uwanjani walizigeuza mchezo, nikipiga chafya ya kwanza tu mmoja anapiga kelele, "Jamani kaeni pembeni, lori linarudi nyuma!" Na wengine wanaruka kwelikweli, wanakimbilia nyuma ya mbao. Nilicheka nao. Ila nilipoanza kukohoa hakuna aliyecheka, na chai yangu nikawa nakunywa peke yangu. Nilipeleka makohozi kituo cha afya, wakasema hamna kifua kikuu. Nilirudi na jibu hilo nikiwa nimefurahi, lakini chai niliendelea kunywa peke yangu.

Ndipo msimamizi akaniita. Mtu mzima, mpole, hana ubaya.

"Mama, mimi sikufukuzi. Lakini hicho kifua kinanitisha. Kama ni mbao ndizo zinakukataa, nikikuacha hapa nitakuwa nimekumaliza kwa mkono wangu. Nenda kwa daktari anayejua haya mambo. Akiandika kwamba si mbao, rudi kesho yake. Akiandika ni mbao, tutaagana vizuri."

Kuagana vizuri. Nimepanga mbao miaka kumi na minne. Kazi nyingine siijui, na kwa umri wangu nani ataniajiri? Kwa hiyo ilibidi nifanye nilichokuwa nimeapa sitakifanya: nikampigia mdogo wangu.

Hakunisimanga hata kidogo. Siku ileile akanitafutia nafasi kwa daktari wake. Akasema, "Dada, wiki nzima kabla hujaja usimeze kidonge chochote cha mafua. Vinaficha majibu. Na uje na daftari lako, maana atakuuliza mambo ya tarehe mpaka uchoke."

Wiki ile bila vidonge sitaisahau. Nilikuwa naamka macho yamevimba, nawaza, huyu anataka nionje mateso. Halafu naona aibu. Halafu nawaza tena. Nilipofika Mbeya alinipokea stendi, ameomba ruhusa kazini. Viatu vyake vilikuwa vizuri. Nimeviandika.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Nilidhani nikikaa tu atatoa sindano. Wapi! Alianza maswali. Yalianza lini? Asubuhi au jioni? Ndani au nje? Kuna mfugo? Kitanda cha nini, godoro la nini? Nikila dagaa, maziwa, karanga, midomo inawasha? Nyumbani nani mwingine anayo?

"Mimi hapa," mdogo wangu akasema.

"Basi usijione wa ajabu, mama," daktari akaniambia. "Mara nyingi inakwenda kiukoo. Na watu wenye mzio ni wengi kuliko wanavyojijua. Huyu samaki, yule paka, yule dawa fulani tu akimeza anawashwa mwili mzima. Wengi wanaita mafua, wanazeeka nayo. Sasa niambie, siku ukiwa kazini na siku ukiwa nyumbani, ipi mbaya zaidi?"

Nikasema kazini. Kisha nikasema nyumbani. Kweli sikuwa najua. Nilikuwa nimeamini ni mbao kwa sababu kila mtu alisema mbao.

"Dada anaandika kila siku," mdogo wangu akadakia. "Analo hapo."

Nilikuwa nalo kwenye mkoba, nimelikumbatia. Mpango wangu ulikuwa niwasomee mimi mwenyewe, niruke panaporukwa. Lakini nilipolifungua, macho yalikuwa yanachuruzika, mistari inaogelea. Daktari akanyoosha mkono. Nikamtazama mdogo wangu, amekaa pembeni yangu na mkoba wangu wa nguo mapajani, anaushika kama ni wake. Nikiukataa ule mkono, swali la mbao lingebaki bila jibu na kazi yangu ingekwenda. Nikitoa daftari, basi.

Nikatoa.

Daktari akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma orodha. "Jumamosi. Chafya kumi na moja kabla ya chai. Saa nne uwanjani, nafuu. Jumapili. Nimelala mpaka saa tatu, nimeamka kama nimekabwa. Jumatatu, kazini, mchana sijakohoa." Akageuza kurasa kurudi nyuma, kidole kinatembea. "Hapa chafya ni mbili tatu. Hapa tatu. Hapa..." Kidole kikasimama. "Hapa zinaruka. Siku hiyo kulikuwa na nini? 'Mablanketi yamefika. Amenipa kwa kuwa yeye ananunua mapya. Hata ugonjwa wake una faida, wangu hauna hata jina. Mama angekuwa na mtoto mmoja tu angetosheka, na ninajua ni yup—'"

Akainua macho. "Samahani, mama."

"Endelea, daktari," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"'Zuri lake: ameyafua na kuyakunja vizuri.'"

Nilitazama sakafu. Vigae vyeupe. Mdogo wangu akashika kichwa. "Mungu wangu. Yale mablanketi. Daktari, si ndiyo yale uliyoniambia niyatoe ndani?"

"Na ukampa nani?"

"Nikampa yeye."

Daktari akatuambia kuhusu utitiri wa vumbi. Nikamwambia mimi sifugi kuku ndani. Akacheka akasema huu si wa kuku, ni mdogo, hauonekani kwa macho, unakaa kwenye godoro, mto na blanketi zito, na uchafu wake ndio unaotushika. Maji ya baridi na sabuni ya maua hauogopi. Tulikuwa tumesikia "vumbi", mimi na mdogo wangu, tukafikiri ni lile linalofuliwa likatoka. Yeye mwenye chuo na mimi wa darasa la saba, tulikosea pamoja. Siwezi kusema sikufurahia hilo.

Kisha ndipo yakaja matone. Alinichora alama kwa kalamu mkononi, akadondosha tone kwenye kila alama, akachoma kila tone kidogo kwa kijisindano. Tone moja ni la maji tu ambalo halitakiwi kuvimba, moja ni la kuvimba kwa kila mtu, ili ajue mkono hausemi uongo. Mengine ni paka, mende, chavua za nyasi, utitiri. Tukaambiwa tungoje robo saa, nisijikune. Nilikalia mkono wa pili.

Lile la paka likawa doa. La utitiri likapanda, likapanda, likawa kama nimeumwa na mbu wa Usangu. Daktari akalipima kwa rula. Mdogo wangu akainama kuangalia, akasema, "Duh. Langu halikufika hapo."

Nitaandika kweli, maana nimezoea: nilifurahi. Nimeketi pale, kifua kinabana, kazi iko hatarini, mdogo wangu ametoka kusikia niliyoyaandika juu yake, na nilifurahi kwamba uvimbe wangu ni mkubwa kuliko wake.

"Na mbao?" nikauliza.

"Tone la mbao zenu sina," daktari akasema. "Na hata haya matone peke yake sitayaamini sana. Kuna mtu anavimba hapa, na nyumbani hana tatizo lolote. Lakini mkono wako na daftari lako vinasema kitu kimoja. Mtu anayekataliwa na mbao hapati nafuu akiwa katikati ya mbao." Akanipulizisha kwenye mrija, akaona njia za hewa zimebana kiasi, akaniandikia dawa ya kuvuta na ya puani. Akamwandikia msimamizi wangu barua: kazi ya kupanga mbao nje anaweza kuendelea nayo, afunike pua na mdomo, asiende karibu na msumeno, arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Iliandikwa Kiswahili. Niliisoma mara nne.

Tulitoka. Kwenye korido mdogo wangu akasimama.

"Kuna mengine juu yangu humo?"

"Yapo."

"Mazuri?"

"Kila ukurasa."

"Na mabaya?"

"Kila ukurasa."

Akatikisa kichwa. "Ungeniambia tu, dada. Ningekununulia blanketi jipya."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Tulipanda bajaji, kila mtu anaangalia upande wake. Nilijua nimemuumiza, na nilijua pia kwamba sikuwa nimesema uongo, na sikujua lipi kati ya hayo mawili linanihusu zaidi.

Jumamosi iliyofuata alikuja Mafinga bila kuniambia. Nilimkuta mlangoni, amejifunga kitambaa puani, ana kanga kiunoni. "Pipa lako liko wapi?" Hakusema pole, hakusema nisamehe, na mimi sikusema. Tukawasha moto nje kwa vipande vya mbao, tukachemsha maji pipa zima, tukatumbukiza blanketi la kwanza. Lilipotoka lilikuwa zito ajabu. Alishika ncha moja, mimi nyingine, tukalikamua, yeye kulia, mimi kushoto, maji ya moto yanatumwagikia miguuni.

"Kaza, dada! Hivyo ndivyo mnavyobeba mbao?"

"Wewe ndiye unalegeza, mtu wa kiti cha kuzunguka!"

Akapiga chafya. Na mimi nikapiga. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza kama tuna mafua. "Aleji," nikamwambia. "Imepimwa Mbeya."

Jioni nilimpigia mama, nikamweleza yote: matone, uvimbe, barua, msimamizi aliyenipokea Jumatatu na kunipa barakoa mpya. Mama akasikitika, akasema masikini mwanangu, kumbe miaka yote hiyo. Nilikuwa naanza kulia. Halafu akasema, "Na mwenzio yupo hapo? Umemchemshia maji ya kunywa? Asije akakaa kwenye huo moshi, unajua hali yake."

Mdogo wangu alisikia, simu yangu ina sauti kubwa. Alitazama pembeni, akaenda kugeuza blanketi kwenye kamba.

Siku ile niliandika zuri lake kwanza, likajaa ukurasa. Chini palibaki mstari mmoja. Nilikaa na kalamu, kisha nikaandika: *Baya lake leo: mama.* Nikalisoma, nikaona si la haki, si lake. Nikalikata kwa mstari mmoja tu, ili akija kusoma aone lilikuwepo.