Wimbo wa Wilf

Enid Thackray alipika chakula cha shule miaka thelathini hapa Whitby, mji wa wavuvi kaskazini mwa Uingereza, na kila Jumapili mchana alikaa na mumewe Wilf kwenye chumba cha nyuma cha baa, watu wakiimba nyimbo za kale kwa zamu. Yeye hakuimba hata siku moja. Wilf alikuwa na wimbo wake, wa wavuvi waliozama, na kwetu wimbo wa mtu hauguswi na mwingine. Hata alipofariki, miaka miwili hakuna aliyethubutu kuuimba.

Wiki ya tamasha la nyimbo za kale, mgeni mmoja wa kusini, mwenye ndevu, akafumba macho akauanza.

Watu wakashusha glasi. Norman, mwendesha zamu, akamwinamia Enid. "Nimnyamazishe?"

"Mwache."

Kiitikio kilipofika hakuna aliyeitikia. Mgeni aliimba peke yake, jasho likimtoka, asijue kosa lake. Akamaliza, makofi hakuna.

Enid akasimama. "Wewe, umeruka ubeti."

"Samahani, mama. Nilifundishwa hivyo hivyo."

"Aliyekufundisha kakupunja. Kaa usikilize."

Akauimba ule ubeti, sauti ikikwaruza, akiukazia macho mlango. Kiitikio tukakipokea wote, Norman akilia waziwazi.

Enid akaketi. Akamwambia mgeni, "Kesho uimbe wote. Ukiruka tena, nakutoa nje kwa sikio."