Pwani Niliyomwahidi Mama

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja. Nilikuwa kazini, nimesimama jikoni kwa mzee ninayemhudumia, simu nimeibana kwa bega na bakuli lake la uji liko mkononi. Nikamwambia mama yangu, "Jitayarishe, Ijumaa twaenda pwani." Akasema alhamdulillahi, akakata simu. Nikajisifu moyoni kwamba kumbe na mimi najua kumfurahisha mtu.

Mama alikuwa ametimiza mwezi wa nne huku ng'ambo, Tottenham, kwenye flati yetu ya ghorofa ya sita. Alitoka Mombasa kuja kututembelea kwa wiki sita tu. Nikaisogeza tarehe ya tiketi yake mara moja, nikaisogeza tena, kila mara nikimwambia ngoja shule zifungwe, ngoja baridi ipungue. Ukweli ni kwamba mimi hutoka alfajiri kwenda kulea wazee wa watu, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka binti yangu shule na kumrudisha. Akiondoka, sina mtu. Naye alikuwa ameanza kuniuliza kila siku atarudi lini, na mimi nimeanza kukasirika kila akiuliza. Ndipo nikatafuta safari ya siku mbili baharini, aone maji, roho yake itulie, aniache nipumue.

Ijumaa akatoka chumbani na sanduku lake kubwa, lile alilokuja nalo. Wallahi nilifoka. Lifti mbovu, basi la safari latungoja kituo cha Victoria, na mtu ahamisha nyumba nzima! Akalivuta hadi mlangoni. Mkononi alikuwa na leso, ncha yake imefungwa fundo, na fundo hilo alilishika njia nzima huku midomo ikisoma dua. Nikadhani amefunga tasbihi yake.

Mji wenyewe ndio ule ambao kila mtu kazini alinisifia. Tulipofika, mvua inanyesha ya ubavuni na maji yamekupwa hata huyaoni, limebaki tope na mawe. Gesti ilikuwa nyembamba, chumba chetu juu kabisa, dirisha limepakwa rangi mpaka likagandamana na fremu yake. Harufu ya nyama ya nguruwe ilipanda ngazi asubuhi ikaingia kwetu bila hodi. Mama akaishi kwa biskuti na chai ya rangi. Swali lake lilikuwa moja tu, kama twalala pale. Nilipomwambia ni siku mbili tu, akasema si kitu, watu wa safari huvumilia.

Hakulifungua sanduku. Alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, mkoba mapajani, akitazama mlango. Binti yangu kajifunika blanketi na katuni zake. Mimi natembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua nne, narudi hatua nne. Hizo ndizo siku za likizo nilizoziomba miezi mingi, na nilitamani kulia. Nilimwonea mama hasira kwa kukaa vile kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Jumamosi adhuhuri mvua ilipungua, nikawatoa kwa nguvu. Tukashuka mpaka kwenye mawe, viatu vinateleza, upepo unatuvuta nguo. Maji yalikuwa yameanza kurudi, ya rangi ya chai iliyomwagwa. Mama akasimama, akayatazama, akanitazama mimi.

"Twafanya nini hapa? Ndege yetu ni saa ngapi?"

"Ndege gani, Mama? Si ndiyo pwani hii niliyokwambia."

Niliona neno hilo likimwingia. Kwetu ukisema unakwenda Pwani, unakwenda nyumbani, hakuna pwani nyingine. Mimi mwenyewe, mtoto wa Mombasa, nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa ameshawaaga majirani zetu, amepanga sandukuni zawadi za watu wake, na usiku wa kuamkia Jumamosi alilala pale gesti akijua analala njiani.

Hakupiga kelele. Akakaa juu ya mawe yale majimaji, akalifungua fundo la leso. Zilikuwa funguo za nyumba yake.

"Mwanangu," akasema, "wanifungia?"

Nilitaka kukana. Nikataka kusema habari za shule, za baridi, za zamu zangu, na vyote vilikuwa kweli. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini bibi analia. Nikaona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Kulikuwa na kibanda cha vioo cha kujikingia upepo pale barabarani. Tukaingia, nikatoa simu, vidole vimekufa ganzi, nikaweka tarehe ya tiketi: Alhamisi ijayo. Nilikuwa sijui nani atamchukua mtoto Ijumaa yake. Mama akaniambia nimsomee tarehe. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena, na safari hii nimtazame usoni. Nikamtazama, nikamsomea. Akazifunga funguo zake kwenye ncha ya leso, akalikaza fundo kwa meno.