Nilimzika baba kwenye redio, sasa ukoo unataka niache kuandika

Admin, nifiche jina, ingawa watu wa mtaa wetu wa Kadutu wakisoma mistari mitatu tu watanijua. Nawafahamu, na sijali.

Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto, naishi hapa hapa Bukavu. Kazi yangu ni kutunga hadithi. Najua kuna wanaocheka wakisikia hivyo, mama mkwe wangu akiwa wa kwanza. Kwa miaka mingi nimesoma hadithi zangu kwenye redio moja ya hapa mjini, na zote zinatoka kwenye avenue niliyozaliwa: wamama wanaobeba mizigo sokoni, ugomvi wa bombani, nyumba za mbao zilizoshikana mpaka jirani akipiga chafya unampa pole ukiwa kitandani kwako. Sikulelewa kwenye villa ya kando ya ziwa, kwa hiyo siandiki villa. Sasa mchapishaji mmoja amekubali kuzitoa kitabu. Siku nilipopata habari hiyo nililia kwa furaha, siwafichi.

Shida imetoka kwenye hadithi ya mwisho. Ni ya fundi cherehani mzee aliyewashonea majirani nguo za ubatizo na za ndoa maisha yake yote, halafu siku anapokufa wanakuja watu wa kuhesabika kwa vidole. Baba yangu ni fundi cherehani. Jina nilibadilisha, mke nikampa mwingine, hata mguu nikamlemaza. Haikusaidia kitu.

Kipindi changu kinafuatwa na matangazo ya vifo. Siku ile umeme wa mtaani ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na uliporudi nilikuwa nimefika mwisho wa hadithi. Waliowasha redio wakadhani ni saa ya matangazo, wakasikia sauti yangu, mtoto wa fundi, ikisema, "Fundi ametuacha. Cherehani imenyamaza." Nani angengoja neno lingine?

Wamama wa shirika la kanisa walifika kwa baba wakiimba, vitenge vimefungwa kiunoni. Wanaume wakaanza kufunga hema la kilio. Baba akatoka ndani na tonge la fufu mkononi, akauliza nani amekufa. Mama mmoja akaanguka pale pale. Nilipopigiwa simu nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaogopa.

Baba mkubwa, kaka yake baba, hakucheka. Aliita kikao cha ukoo na kunisimamisha katikati.

"Weye unazika baba yako angali anakula?" akasema. "Kwetu ile iko laana. Utaleta kasiksi, utaomba pardon mbele ya famille, na utaapa hautaandika tena juu ya hii avenue. Ukitaka kuandika, andika juu ya banyama ba mu pori."

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Aliyekosa huileta, wote wakanywa, na maneno yakaisha. Nikamjibu, "Baba mukubwa, kasiksi nitaleta, juu niliogopesha batu. Kuapa, hapana. Banyama ba mu pori sibajue. Mie najua nyinyi."

Akasimama akatoka. Tangu siku hiyo hanisalimu, na amewakataza watoto wake kukanyaga kwangu. Inaniuma, lakini nina hasira zaidi. Watu wa ofisini wanaandika kuhusu Kadutu kila leo, mara uchafu, mara wizi, mara umaskini, na hakuna aliyewaitia kikao. Mimi niliyeandika kwamba huku watu wanapendana, wanasutana na Jumapili wanapendeza, ndiye mwenye laana? Siachi. Wakinitenga, nitaandika walivyonitenga.

Kilichonivunja nguvu ni baba. Siku ile ya kikao naye alikuwapo. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani, akasimama, akaanza kukunja mkono wa shati lake.

"Mie sikasirike juu ya kufa," akasema. "Kila mutu atakufa. Na kuandika, uandike, ile iko kazi yako. Lakini nilishonea hii avenue yote. Juzi bote balikuya juu yangu, uliona, mpaka na hema. Sasa juu ya nini mu kitabu ulininyima batu?"

Nikamwambia, "Papa, ule haiko weye."

"Niko mie," akasema. "Badirisha mwisho, mwana wangu. Batu bakuye."

Hadithi ile niliitunga kwa sababu nimeona kwa macho yangu mafundi, wapagazi na wafua nguo waliotumikia mtaa mzima wakazikwa kimya kimya. Nikijaza watu kwenye kile kilio nitakuwa nawapaka mafuta majirani zangu, na hadithi itakuwa ya uongo. Mchapishaji ananingoja nimpe maandishi ya mwisho. Mume wangu anasema, "Ni kurasa mbili tu, mupe muzee roho yake." Yeye si mwandishi, kwake kurasa ni karatasi.

Kuhusu kuacha kuandika, msijisumbue kunishauri, hilo nimeshalimaliza. Nishaurini kuhusu baba peke yake. Ameninunulia kalamu tangu shule ya primaire, hajawahi kuniomba chochote, na sasa anaomba watu waje kumzika. Nimpe, au nimnyime?