Kanda Tuliyodhani Mbovu

Mpiga gitaa wetu wa Nachingwea amefariki. Tumemzika Chinongwe alikozaliwa, na mimi nilikwenda kumtukana. Msishtuke. Kabila langu na lake ni watani, na mtani asipomtania marehemu, ndugu wanauliza amekosewa nini. Basi nikajifunga kanga kiunoni, nikachukua mwiko wa ugali nikaufanya gitaa. Nikapiga kwa mdomo, ti-ri-ri, ti-ri-ri, halafu nikanyamaza, mkono umeganda hewani. Nikawaambia waombolezaji, "Ngojeni, amesahau. Akikumbuka tutaendelea." Wakacheka mpaka wachimba kaburi waliorudi kunywa uji wakaegemea majembe.

Kila mtu pale alijua naitania kanda yake ya mwisho. Miaka ya tisini bendi yake ilipiga chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo magitaa yanakimbizana, mpaka vumbi la ukumbi likatuingia puani. Msimu wa korosho, ukikosa dansi Nachingwea basi unaumwa au umefiwa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, akatoa kanda ya nyimbo sita za polepole, chemko hamna, na kila baada ya mistari michache gitaa linakaa kimya. Tukadhani mbovu. Watu wa Ruangwa waliirudisha dukani. Mimi niliuchomoa utepe wake nikauzungushia mpunga wangu kule Naipingo ufukuze ndege. Nilipokutana naye sokoni nikamwambia, "Mtani, kanda yako angalau ndege wanaiogopa."

"Bora wao wameisikia," akajibu, akacheka, akaendelea kuchagua dagaa.

Tulipomaliza kuzika, mjane wake aliniita jikoni. "Bibi, umetuchekesha, ahsante. Ila hakusahau."

"Hakusahau nini?"

"Pale anaponyamaza. Pale ndipo gitaa la pili lilipokuwa likimjibu."

Nikakaa kwenye kigoda. Mwenzake wa gitaa la pili, aliyepiga naye tangu ujana, alikufa kabla kanda ile haijarekodiwa. Mjane akasema wapigaji wengine waliomba nafasi, mumewe akawakatalia. Mkewe akamuuliza mbona hajazi kimya kile mwenyewe, naye akamwambia, "Hiyo si zamu yangu." Basi. Mjane akafungua sanduku, akanipa nakala yao ya kanda ile. "Hii usiifunge shambani."

Nilirudi nayo nikijiuliza maswali kama mtoto. Mtu anaachaje shimo katikati ya wimbo na anajua atachekwa? Mjukuu wangu wa kike, mwalimu, wa kwanza ukoo mzima na simwachi mtu asijue, alitia betri kwenye redio kaseti yake, tukasikiliza mchana kutwa huku nabangua korosho. Wimbo wa nne ni mbaya, bado nasema. Sauti imemkwama kooni. Lakini ule wa mkulima wa Kilimarondo anayelinda mahindi yasiliwe na tembo, jamani. Zamani angeupigia tarumbeta. Hapa anauimba chini chini, kama mtu asiyetaka mnyama amsikie. Gitaa linauliza, kimya. Linauliza tena, kimya. Mara ya tatu nikajikuta nalijibu kwa mdomo.

"Bibi, unaimba," mjukuu akasema.

"Nyamaza, huyu hajamaliza."

Nimewaza kwa nini hakunieleza siku ile sokoni. Maneno mawili yangetosha. Nadhani aliona haya kuuza msiba wa mwenzake pamoja na nyimbo. Bendi nyingine ikifiwa, kesho yake kuna mtu mwingine kwenye kile kiti, na hawa vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta hawaachi hata upenyo wa sindano. Siwalaumu, hata sisi wakulima jembe la marehemu halilali. Yeye peke yake aliacha kiti wazi, tukasema mzee amechoka, vidole vimekwisha. Vidole vilikuwa vizima. Sikilizeni wimbo wa mwisho mtaniambia.

Utani wangu wa msibani siutubu. Desturi ni desturi, na ningetangulia mimi angenifanyia makubwa zaidi. Ninachotubu ni kwamba miaka yote ile nilimcheka kwa kanda ambayo hata upande wa pili sikuugeuza. Mtani amepewa ruhusa ya kusema lolote. Hakuna aliyempa ruhusa ya kusema kabla ya kusikiliza.