Thembo Wawili, Msumari Mmoja

Thembo alikuwa mtu wa miguu. Ukimpa kiti, anakalia ukingo tu, kama mtu aliyeambiwa gari iko karibu kuondoka. Watu wa Bwera walimjua hivyo tangu mwaka ule wa vita vya Kongo, alipovuka mto na mke wake Sophie na watoto wao wawili, godoro kichwani, sufuria mkononi. Kule kwao upande wa Butembo aliitwa Katembo. Hapa Bwera wakalipunguza, akawa Thembo, na jina ni lile lile. Kwetu mtoto wa kiume anaitwa kwa zamu ya kuzaliwa kwake, na yule wa tano ni Thembo, baba awe tajiri au maskini. Kwa hiyo ukisimama katikati ya soko la Bwera ukaita Thembo, watakugeukia wengi, wengine na mizigo kichwani.

Sophie na watoto walipata mahali jikoni kwa Martine, dada yake, nyuma ya misheni. Martine hakuwafukuza, lakini kila asubuhi ilibidi waamke na kukunja mikeka kabla moto haujawashwa, na mtu akikohoa usiku nyumba nzima inajua. Kaka yao Jean-de-Dieu, mnunuzi wa kahawa, alipita na lori yake, akaona jinsi dada yake anavyolala, akala mpaka akamaliza. Ndipo akasema mbele ya wote.

"Shemeji, mimi sina ubaya na wewe. Lakini dada yangu hawezi kulala jikoni ya watu mwaka muzima. Nitarudi soko ya mwisho wa mwezi. Nikikuta hauna kazi, napandisha yeye na batoto, tunarudi Butembo."

"Kule sasa kuko amani?" Thembo akauliza.

"Kuko chakula," Jean-de-Dieu akamjibu, akaenda kunawa mikono.

Kesho yake Thembo alikuwa Kasese. Alianza na mgodi wa shaba, akaambiwa hakuna kazi. Akapanda Bulembia kwa watu wanaojenga, akaambiwa vile vile. Alishuka mpaka Hamukungu ziwani, wavuvi wakamwambia mitumbwi imejaa watu. Kila mahali alifika akitoka jasho, akauliza, akajibiwa, akageuka. Lakini jambo moja lilimsumbua. Mlango uliomwambia leo hakuna kazi, akipita tena baada ya siku chache, anaona mtu mpya ndani, anapiga shoka au anasukuma toroli, na mtu huyo hakuwa kwenye foleni ya wanaouliza. Aliingilia wapi?

Jibu alilipata kwa Akumu. Huyu alikuwa Mjaluo wa Kenya, mume wake fundi wa reli, na yeye aliuza uji karibu na ghala la stesheni, pale makuli wanapopakia mabehewa. Thembo alikunywa uji wake amesimama, macho yakienda mlango wa ghala, yakirudi barabarani, yakienda tena mlangoni.

"Baba, kaa chini, uji hautakimbia," Akumu akamwambia. "Wewe unatafuta kazi."

"Umejuaje?"

"Unaangalia mlango. Wote wanaotafuta wanaangalia mlango. Mlangoni hakuna kitu. Angalia pale kwenye misumari."

Thembo akaangalia. Ukutani, chini ya bati la ghala, kulikuwa na misumari imepangwa, na kila msumari umetundikwa gunia. Kuli wa Kasese ana gunia lake mwenyewe. Analikunja, pembe moja ndani ya nyingine, linakuwa kofia na koti pamoja, limkinge kichwa na mgongo anapobeba. Jioni analitundika kwenye msumari wake anakwenda nyumbani. Akumu akamweleza taratibu, huku anakoroga. Mtu anayekwenda nyumbani kidogo analiacha gunia. Anayeondoka moja kwa moja analichukua. Hakuna anayetangaza, maana akitangaza nyapara atamkata siku zake, na wenzake wanamngojea ndugu yao apate nafasi. Msumari ukikaa mtupu, mwenye macho anasimama karibu asubuhi majina yakiitwa. Basi.

Na msumari mmoja ulikuwa mtupu. Thembo, ambaye alikuwa ameshamwambia Akumu jina lake na alikotoka, akauliza ni wa nani. Akumu akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Wa Thembo," akasema. "Thembo wa Bwera, kama wewe."

Usiku ule Thembo hakulala vizuri. Asubuhi alisimama nyuma ya makuli. Nyapara wao alikuwa Odoch, mtu wa kaskazini, askari wa zamani, ambaye alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja Kasese. Yeye aliita majina kwa kichwa, bila karatasi, sauti ya gwaride.

"Thembo!"

Makuli wakautazama ule msumari.

"Thembo! Hapana iko?"

"Niko, afande," Thembo akasema, na miguu yake ikamtoa mbele kabla hajafikiri.

Odoch akamtazama toka kichwani mpaka chini. "Wewe hapana ile Thembo."

"Mimi Thembo, afande. Haki ya Mungu."

"Ndugu yake?"

Hapo ndipo angeweza kueleza habari ya zamu za kuzaliwa. Angeweza kusema yule simjui hata kwa sura. Aliliona jiko la Martine, na mikeka, na lori. "Ndugu," akasema.

Odoch akatikisa kichwa. "Huyu mzee Thembo ni mutu gani? Kwa mgodi Thembo, kwa reli Thembo, kwa soko Thembo. Anazaa mji muzima. Iko na bibi ngapi?"

Makuli walicheka wakashika mbavu, na hakuna aliyemwambia afande kwamba mzee Thembo wa namna hiyo hayuko duniani. Thembo akaazima gunia, akabeba. Ilikuwa pamba siku ile, marobota makubwa, na alibeba kama mtu anayekimbizwa. Jioni akatundika gunia kwenye ule msumari. Kisha akamtafuta dereva wa lori ya Bwera, akamtuma kwa Sophie: mwambie nimepata.

Akafanya kazi wiki ile na nyingine. Unadhani alitulia? Kila lori ikiingia stesheni kutoka upande wa Bwera alisimama na mzigo mgongoni akaangalia nani anashuka. Wenzake walimtania, wakasema anadaiwa mahari ya mke. Yeye alijua anamwogopa nani, ila hakumjua uso.

Akaja, asubuhi, wakati majina yanaitwa. Alikuwa mtu mfupi, mpole, kichwa kimenyolewa upara, gunia limekunjwa chini ya kwapa. Odoch akaita Thembo, wakaitika wawili.

"Mama yangu alikufa," yule mgeni akasema. "Nilikwenda kuzika, afande. Nilichukua gunia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na lori haikuwa na turubai."

Watu wote wakamgeukia Thembo wetu. Odoch naye akageuka, uso umekasirika, maana alianza kuona kwamba amechezewa.

"Ndugu yako anazika mama, wewe hapana jua? Mama ya nani, sasa? Mimi nataka Thembo moja. Amueni, upesi!"

Wengine walimnong'oneza Thembo asimame pale pale, mwenye kuwahi amewahi. Siku ya soko la mwisho wa mwezi ilikuwa kesho kutwa. Alimtazama yule mtu, vumbi la njia bado kwenye nyusi zake. Halafu akaenda ukutani, akalitoa gunia lake kwenye msumari, akarudi.

"Ni yake, afande. Mimi sio ndugu yake. Sisi ni watoto wa tano tu."

"Pumbavu," mmoja wa makuli akasema, polepole, kama anamhurumia.

Thembo alikuwa tayari barabarani, haendi popote, anakwenda tu, aliposikia anaitwa kwa jina lake na mtu mwenye jina lile lile.

"Mwenzangu, ngoja. Unatembea kama umeiba." Yule mtu alihema kidogo, akavuta pumzi. "Kwenye matanga ya mama alikuwapo mtu wa Mubuku, kule kwa mifereji. Anasema yule aliyekuwa anafungulia maji mashamba ameacha, ameingia mgodini. Hawajamwambia mtu. Mkubwa wao Eridadi. Nenda leo, sema umetumwa na watu wa matanga ya mama yangu, Kabugho, bwana."

Thembo hakuuliza la pili. Mchana alikuwa Mubuku. Eridadi, mtu mnene mwenye buti za mpira, alisikia jina la Kabugho, akasikitika, akamwonyesha kibanda kando ya mfereji na milango ya mbao ya kupandisha na kushusha. Maji yanafunguliwa kesho kutwa, akasema. Mpunga wa watu hauwezi kungoja.

"Kesho kutwa ndiyo siku ya soko Bwera," Thembo akasema. "Mke wangu anachukuliwa."

"Basi mimi nifanye nini? Akija mwingine akiuliza, nitamwambia mfereji una mwenyewe, na mwenyewe hayupo?"

"Nitarudi."

"Wote wanarudi," Eridadi akasema.

Akaondoka hivyo, na njia nzima alijiona mjinga. Yeye kuliko wote alijua kazi iliyoachwa wazi inaingiliwa namna gani. Lakini alipofika Bwera, asubuhi ya siku ya soko, lori ya Jean-de-Dieu ilikuwa imesimama mbele ya misheni, godoro limeshapandishwa juu, watoto juu ya godoro. Jean-de-Dieu alikuwa amesikia habari ya stesheni, habari hizo hutembea.

"Shemeji, walikufukuza."

"Nimepata nyingine. Mubuku. Kuna na kibanda."

"Walikuandika?"

"Hawakuniandika. Nimesikia, nikaenda, nimepewa. Sasa hivi sijui kama bado ni yangu, maana nimeiacha kuja hapa."

Jean-de-Dieu akafungua mikono kwa wanaotazama, kama mtu anayesema mnamsikia wenyewe. Sophie alikuwa na mguu mmoja kwenye gurudumu, anataka kupanda. Akamtazama mume wake sana, jasho lake, macho yake yanayokwenda barabarani na kurudi.

"Nani yuko kwenye hiyo kazi sasa?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Na sisi tunasimama hapa?" Akashusha mguu. "Jean, nipe batoto. Na godoro."

Wakapata gari ya chumvi mpaka Kasese, wakamalizia kwa miguu, Sophie mbele. Walipofika Mubuku jua limeshapinda na maji yalikuwa yamefunguliwa tayari. Thembo akasimama. Ndani ya mfereji kulikuwa na mtu ameinama, tope mpaka magotini, anavuta mlango wa mbao na kutukana kwa lugha ya Kitoro. Alipoinuka walimwona ni Eridadi mwenyewe.

Hakuwaamkia. Alimtupia Thembo jembe, akapanda ukingoni akimwaga maji kwenye buti zake. Halafu akamwangalia Sophie, na mtoto mgongoni, na godoro.

"Mama," akasema, "unajua kupandikiza mpunga? Usimwambie mtu."