Isale kwa Mwanafunzi

Kwa Kiswahili, mwenye rula huazima na asiye nayo huazima, na maisha yanaendelea. Waingereza wakaona hiyo haitoshi: anayetoa awe na kitenzi chake, lend, na anayepokea awe na chake, borrow. Bendera yao ilikuwa imeshushwa miaka mingi, lakini mimi, mwalimu wa darasa la saba huko Kibosho, nilikuwa bado nahangaika na vitenzi vyao kana kwamba nimevizaa mimi.

Nilifundishia rula ya mbao. Ilipita dawati hadi dawati, anayetoa anasema lake, anayepokea anasema lake. Wiki mbili zilipokwisha, darasa zima lilikuwa limeelewa isipokuwa binti mmoja wa dawati la mbele. Hesabu alizimaliza kabla sijapangusa chaki mikononi. Kiingereza tu ndicho kilichomkaba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, mtihani umebaki mwezi mmoja, na nilikuwa nimeapa kwamba huyu lazima aende. Asubuhi moja akakosea tena, pale pale. Nikaibwaga rula sakafuni.

"Rudi nyumbani ukamkatie ng'ombe majani! Kazi yako ni hiyo!"

Wenzake wakacheka. Hakulia. Alikusanya madaftari yake akatoka, na wiki nzima hakuonekana.

Hasira ikanigeukia mwenyewe. Mimi ni wa Machame, najua kwetu kosa zito haliombewi radhi kwa mdomo mtupu. Nikachuma isale, lile jani refu linaloota mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, nikalipiga fundo, nikapanda nalo kilima huku watu wakinikodolea macho. Mwalimu mzima, anampelekea mtoto isale! Nilijipa moyo kwamba isale haikataliwi.

Baba yake alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu." Alilitazama jani, akamwita binti yake.

Alitokea migombani na mzigo wa majani kichwani. Akautua, akafuta viganja kwenye gauni, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Mwalimu."

"Basi kesho uje shule."

Akamtazama baba yake. Mzee ndiye aliyejibu.

"Umeleta isale ya kuomba radhi, Mwalimu, na radhi umeipata. Shule ni neno lingine. Tumeshaongeza ng'ombe wa pili, maana mwenyewe ulisema kazi yake ni hiyo."

Nilibembeleza mpaka jua likaelekea kuzama. Hakupandisha sauti, wala hakubadili neno. Nilishuka kilima nikiwa nimesamehewa, na nimechukia kusamehewa.

Mtihani ulifanyika bila yeye. Tangu hapo hadi nilipohamishwa, nilikuwa nikikutana naye njiani jioni, na mzigo wake kichwani. Heri angenitukana. Alikuwa akisogea pembeni kunipisha, shingo imenyooka, na kusema bila kinyongo hata chembe:

"Shikamoo, Mwalimu."